Wiki na siku tatu: kisa cha Norma ya Tallinn

Kwenye vijiwe vya soka, timu ikifungwa matano imepigwa mkono, ikifungwa saba imepigwa wiki. Mwaka 1994 Norma ya Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ilipigwa wiki na siku tatu. Maribor Branik ya Slovenia iliichapa 10–0 katika hatua ya awali ya Kombe la Washindi barani Ulaya, na ukijumlisha na mechi nyingine ya 4–1, mzigo wote ukawa 14–1. Maribor imecheza Ulaya mara nyingi tangu hapo, imefika hata makundi ya Ligi ya Mabingwa, lakini haijapata tena kumfunga mtu mabao mengi namna hiyo.

Anayeliona tokeo hilo peke yake atadhani Norma ilikuwa timu ya mtaani iliyopewa tiketi ya ndege kimakosa. Sivyo. Norma ndiyo bingwa wa kwanza wa Estonia baada ya nchi hiyo kujitenga na Muungano wa Kisovieti. Ilitwaa ubingwa mwaka 1992, ikautetea msimu wa 1992–93, na ilipokwenda kukutana na Maribor ilikuwa na Kombe la Estonia mkononi, halijapata hata vumbi. Msimu uliofuata ikashuka daraja. Haikurudi tena juu. Mwaka 1997 ikavunjwa.

Historia za klabu ndogo za madaraja ya chini huwa tunazisoma kama ngazi ya kupanda: walianzia uwanja wa matope, wakapata mfadhili, wakapanda. Hii ya Norma inasomwa kwa kushuka, na ndiyo maana nimeichagua. Ndani ya miaka mitatu klabu ilitoka namba moja hadi kwenye ligi ambazo hata waandishi wa habari hawazifuati. Nani au nini kiliiangusha? Jibu linalotolewa haraka ni siasa. Nadhani jibu hilo linachukua sehemu ndogo ya ukweli na kuificha kubwa.

Timu ya mafundi kwenye karatasi

Norma ni jina la kiwanda kabla ya kuwa jina la timu. Kiwanda chenyewe kilianza Tallinn mwaka 1891 kwa kutengeneza vyombo vya bati. Enzi za Kisovieti kilijulikana kwa vitu vya watoto vya kuchezea vya chuma, na kuanzia miaka ya 1970 kwa kitu kilichokuja kuwa riziki yake kubwa: mikanda ya usalama ya magari, hasa ya Lada. Timu ya mpira iliundwa mwaka 1959.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Muungano wa Kisovieti haukuwa na mchezaji wa kulipwa, angalau kwenye karatasi. Mchezaji aliandikishwa kama mfanyakazi wa kiwanda, jeshi, reli au polisi. Kiwanda kilibeba mshahara, jezi, basi na uwanja, na mkurugenzi mwenye mapenzi na mpira aliweza kujenga timu nzuri kwa fedha ambazo hakuna mhasibu aliyeuliza zimezaa nini. Kwa namna hiyo Norma ilishinda ubingwa wa Jamhuri ya Kisovieti ya Estonia zaidi ya mara moja katika miaka ya 1960 na 1970. Ubingwa huo haukuwa mkubwa sana: Estonia ilikuwa kona ndogo ya Muungano, na klabu pekee iliyofika ligi ya juu kabisa ya Kisovieti, Kalev ya Tallinn, ilidumu huko misimu miwili tu, 1960 na 1961. Hata hivyo kwa mafundi wa Tallinn na familia zao, Norma ilikuwa timu ya maana.

Watu hao walikuwa akina nani? Kabla ya vita, mwaka 1934, Waestonia walikuwa asilimia 88 ya wakazi wa nchi. Sensa ya 1989 iliwakuta wameshuka hadi asilimia 61.5, na ndani ya Tallinn yenyewe hawakufika nusu. Viwanda vya Kisovieti vilileta wafanyakazi kutoka Urusi, Ukraine na Belarus, vikawajengea maghorofa ya zege, na wao wakaleta mpira. Waestonia wengi waliuona mpira wa miguu kuwa mchezo wa wageni, na kuufuatilia ilikuwa kama kukubali kwamba wamekuja kukaa. Kwa hiyo Norma, kama timu nyingi za juu za wakati huo, ilikuwa na wachezaji wengi wanaozungumza Kirusi.

Bingwa wa nchi iliyokuwa ikijitafuta

Uhuru ulirudi tarehe 20 Agosti 1991. Ligi mpya, Meistriliiga, ilianza 1992 na timu 14. Norma ikatwaa ubingwa, na mshambuliaji wake Sergei Bragin akawa mfungaji bora kwa mabao 18. Msimu wa 1992–93 Norma ikarudia, na Bragin akacheka na nyavu mara 27. Nyuma yao safari hii ilikuwa Flora.

Hapa pana jambo ambalo ndilo lililozaa ile hadithi ya siasa. Februari 1992 bunge la Estonia liliirudisha sheria ya uraia ya mwaka 1938. Maana yake, raia ni yule aliyekuwa raia kabla ya uvamizi wa Kisovieti mwaka 1940 pamoja na uzao wake. Aliyekuja baadaye, na hata mtoto wake aliyezaliwa Tallinn, alipaswa kuomba, kungoja, na kufanya mtihani wa Kiestonia. Karibu theluthi moja ya wakazi wakajikuta hawana uraia uliotambuliwa. Mchezaji asiye raia hawezi kuvaa jezi ya taifa. Basi nchi ikawa na timu bingwa ambayo sehemu ya wachezaji wake haikuwa na haki ya kuiwakilisha.

Upande wa pili kulikuwa na Flora, iliyoanzishwa 1990 na Aivar Pohlak, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Soka la Estonia mwaka 2007. Mizizi ya Flora ilikuwa katika Lõvid, timu ya vijana ya Tallinn iliyowafundisha mpira watoto wa Kiestonia wakati ambapo wenzao waliwacheka kwa kucheza mchezo wa Warusi. Wazo lilikuwa wazi: kuufanya mpira kuwa mali ya Waestonia tena. Flora ikawa uti wa mgongo wa timu ya taifa, hata kuna wakati ilikuwa vigumu kusema moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Teitur Thordarson kutoka Iceland aliajiriwa kuzifundisha zote mbili kwa pamoja.

Ukiweka vipande hivyo sambamba, simulizi inajiandika yenyewe: bingwa wa Warusi akasukumwa pembeni, bingwa wa Waestonia akapandishwa. Inavutia. Tatizo ni kwamba mambo kadhaa yanakataa kuingia humo.

La kwanza ni Bragin mwenyewe. Estonia ilicheza mechi 10 za kufuzu Kombe la Dunia la 1994, ikiwa kundi moja na Italia, Uswisi, Ureno, Scotland na Malta. Ilipata pointi moja. Ilifungwa mabao 27 na kufunga bao moja tu, na bao hilo moja, pale Aberdeen Juni 1993 katika kipigo cha 3–1 kutoka kwa Scotland, lilifungwa na Sergei Bragin. Kwa hiyo mlango haukuwa umekomewa kwa kila mtu wa Norma. Ulikuwa mwembamba, na wengi hawakupita, lakini aliyepita ndiye aliyeiokoa nchi isimalize kampeni nzima bila bao.

La pili lina uzito zaidi. Baada ya Norma kuporomoka, nani alichukua ubingwa? Flora ilichukua 1993–94 na 1994–95. Kisha misimu ya 1995–96 na 1996–97 ukaenda Lantana, klabu nyingine ya Tallinn iliyosimama juu ya wachezaji wanaozungumza Kirusi. Kama lugha ndiyo iliyoiua Norma, Lantana ilipitia wapi? Halafu kuna Trans ya Narva, mji ulio mpakani na Urusi ambako Kirusi ndicho lugha ya karibu kila nyumba. Trans imo Meistriliiga tangu 1992 na haijawahi kushuka. Uraia uliwaumiza watu wengi, na sitaki kuupunguzia uzito, ila hauwezi kueleza 10–0.

Kipimo cha Slovenia

Kuna bahati moja katika kisa hiki. Norma ilikutana na Slovenia mara mbili ndani ya miaka miwili, kwa hiyo tuna rula moja ya kupimia.

Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 1992, raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa, dhidi ya Olimpija ya Ljubljana. Norma ilifungwa 3–0 na 2–0. Mkono, lakini uliogawanywa mara mbili. Slovenia nayo ilikuwa nchi changa, imejitenga na Yugoslavia mwaka 1991, ila Olimpija ilikuwa imelelewa katika ligi kuu ya Yugoslavia, mojawapo ya ligi ngumu za Ulaya. Ilipoitoa Norma ilikwenda kufungwa na AC Milan 4–0 na 3–0. Ukiziangalia namba hizo, Norma haikuaibika. Hata timu zenyewe za taifa, zilipokutana Tallinn Juni 1992 katika mechi ya kwanza ya Slovenia kutambuliwa, zilitoka 1–1.

Mwaka uliofuata Norma ilipewa HJK ya Helsinki, majirani wa ng'ambo ya ghuba, kilomita 80 hivi za bahari. Sare ya 1–1 Helsinki, kisha kufungwa 1–0 Tallinn. Bao moja tu liliwatenganisha na klabu kubwa kuliko zote Finland. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilele cha Norma, zaidi ya makombe yote mawili ya ligi: timu ya kiwanda cha mikanda, katika nchi yenye sarafu isiyofikisha miezi 15, ilikwenda Helsinki na haikufungwa.

Halafu 1994, Slovenia tena, na rula ileile inasoma 14–1.

Kati ya vipimo hivyo kuna msimu wa 1993–94, na huo unastahili kutazamwa polepole, maana ulikuwa wa ajabu. Tevalte, timu nyingine ya Tallinn iliyokuwa ikiwania ubingwa, iliondolewa kabla ya msimu kwisha kwa tuhuma za kupanga matokeo. Wakabaki Flora na Norma, wakamaliza wakiwa na pointi sawa. Ikabidi ichezwe mechi moja ya kuamua bingwa. Flora ikashinda 5–2, na huo ukawa ubingwa wake wa kwanza kati ya mingi.

Naitazama mechi hiyo kama daktari anavyotazama picha ya kifua. Mabao matano katika fainali si dalili nzuri, lakini timu iliyofika kwenye mechi ya kuamua bingwa, tena ikatwaa Kombe la Estonia mwaka uleule kwa kuifunga Trans, haijafa. Ilikuwa na wachezaji. Hata hivyo kuna alama ndogo: Bragin, aliyeongoza orodha ya wafungaji miaka miwili mfululizo, hayupo kileleni tena. Mfungaji bora wa 1993–94 ni Maksim Gruznov wa Trans, mabao 21.

Kisha miezi michache tu baadaye timu hiyohiyo inafungwa kumi. Timu haisahau kucheza mpira kwa kipindi cha likizo ya kiangazi. Inaondokewa. Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi, kilichokwenda Maribor kilikuwa jina la Norma na jezi za Norma, na watu wengine ndani yake. Linganisha na Flora: mwaka huohuo, Kombe la UEFA, ilitolewa na Odense ya Denmark kwa jumla ya 6–0, na Odense hiyo ilikwenda baadaye msimu huohuo kuitoa Real Madrid. Mpira wa Estonia wote ulikuwa chini. Timu ya taifa ilipoteza mechi zake zote 10 za kufuzu Euro 96. Lakini kati ya kupoteza na kusambaratika kuna umbali, na umbali huo ni Norma peke yake iliyoutembea.

Kiwanda kiliendelea kula

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema tu kwamba fedha zilikwisha. Viwanda vingi vya Kisovieti kweli vilikufa miaka hiyo. Estonia ilianzisha sarafu yake, kroon, Juni 1992, ikafungua soko kwa mkupuo mmoja, na viwanda vilivyozoea mteja mmoja huko Moscow vikajikuta havina wa kumuuzia. Lakini kiwanda cha Norma hakikuwa miongoni mwao. Warusi waliendelea kuunda Lada, Lada ziliendelea kuhitaji mikanda, na Norma iliendelea kuitengeneza. Soko la hisa la Tallinn lilipofunguliwa mwaka 1996, Norma iliorodheshwa mwaka huohuo na ikawa miongoni mwa kampuni zilizofuatwa sana na wawekezaji. Mwishowe ilinunuliwa na Autoliv, kampuni kubwa ya Sweden ya mikanda na vifaa vya usalama wa magari.

Tazama tarehe hizo kwa pamoja. Mwaka 1995 timu inashuka daraja. Mwaka 1996 kiwanda kinaingia soko la hisa. Mwaka 1997 timu inavunjwa. Kiwanda kilikuwa kikinenepa wakati timu yenye jina lake inakonda hadi kufa.

Naona hapo ndipo penye kiini. Chini ya mpango wa Kisovieti, timu ilikuwa sehemu ya kiwanda kama kantini na shule ya chekechea. Hakuna aliyetakiwa kuihalalisha. Kampuni ya hisa inahesabu vingine: kila mstari wa matumizi una mtu anayeuliza. Ligi ya Estonia haikuwa na haki za televisheni za maana wala viingilio vya kulipa hata basi, na mteja wa mikanda ni kiwanda cha magari kilicho mbali, mtu ambaye hatanunua mkanda mmoja zaidi kwa sababu Norma imeifunga Flora. Kwa mhasibu, timu hiyo haina hoja. Kiwanda maskini kinaweza kuing'ang'ania timu yake kwa sababu ndiyo fahari pekee iliyobaki. Kiwanda kinachojiandaa kwa wawekezaji hakina hisia hizo.

Mfano wa Norma haukuwa wa pekee. Lantana, yenye mataji mawili, ilitoweka mwaka 1999. TVMK, ambayo herufi zake zilitokana na kiwanda cha mbao na samani cha Tallinn, ilikuwa bingwa mwaka 2005 na baada ya msimu wa 2008 haikuwepo tena. Bingwa kufutika ni jambo lililotokea angalau mara tatu katika ligi ambayo haijatimiza miaka 40. Atakayeniambia kuwa Levadia, klabu nyingine ya Tallinn, nayo ilichukua jina la kampuni na bado ipo, nitamkubalia; pale mwenye kampuni alikuwa shabiki mwenye mfuko wake, na mtu wa namna hiyo ni tofauti na bodi ya wakurugenzi.

Waliobaki walikuwa na kitu kisichouzwa na mtu mwingine. Flora ilikuwa na watoto iliowalea tangu Lõvid. Trans ina mji mzima usio na timu nyingine ya kushindana nayo moyoni. Norma ilikuwa Tallinn, katikati ya msongamano wa klabu zilizogombea watazamaji walewale wachache, na uhusiano wake na watu ulipita kwenye lango la kiwanda. Mfanyakazi alikuwa shabiki kwa sababu alikuwa mfanyakazi. Lango lilipopata mmiliki mwingine, uhusiano ukakatika.

Msimu wa 1994–95 ligi kuu ilikuwa na timu 8, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kujificha. Norma, yenye Kombe la Estonia kabatini, ilishuka. Ya chini yake ni Esiliiga, na chini zaidi ni ligi za daraja la pili na la tatu ambako watu hucheza baada ya kazi na klabu nyingine huundwa na marafiki kwa utani. Ipo moja ya Tallinn inayojiita Eston Villa, na inacheza kwa furaha tele. Klabu za namna hiyo huishi miaka mingi kwa sababu hazikuwahi kumtegemea mtu: wachezaji wenyewe wanalipa ada, wanafua jezi, wanaendesha magari yao hadi ugenini. Norma haikuwahi kujifunza maisha hayo. Iliingia madaraja ya chini kama mtu aliyezoea kuhudumiwa, na ilidumu huko misimu miwili.

Orodha ya mabingwa wa Estonia ina sehemu mbili. Ya kwanza inaanza 1921 na klabu ya Sport, inakatika kwa vita. Ya pili inaanza 1992, na mstari wake wa kwanza unasomeka Norma Tallinn. Wa pili, Norma Tallinn. Kutoka wa tatu majina yanabadilika, na la Norma halitokei tena.